Triga Zinazoitana: Pesa za Mkulima Zisikae Humo

Kama unatengeneza mfumo wa kompyuta wa chama cha msingi cha ushirika, iwe ni kahawa ya Mbozi, parachichi za Rungwe au mpunga wa Mbarali, nakusihi jambo moja: hesabu ya pesa za mkulima usiiweke kwenye triga (kanuni ndani ya hifadhidata inayojiendesha yenyewe jedwali linapobadilishwa) inayoamsha triga nyingine. Nimekuwa nikiitwa kukarabati hifadhidata za namna hii huku Nyanda za Juu Kusini, na salio lisiloeleweka mara nyingi linatokea hapo.

Mnyororo huanza kwa nia njema kabisa. Karani wa mzani anaingiza kilo kwenye jedwali la mapokezi. Triga inaongeza salio la mkulima. Jedwali la wakulima nalo lina triga yake: salio likipanda, deni la mbolea likatwe. Makato yakiandikwa kwenye jedwali la mikopo, triga ya tatu inarudi kwa mkulima kurekebisha salio, na salio likiguswa, ile ya pili inaamka tena. Kila triga ukiisoma peke yake utaona ina akili. Walioziandika pengine hata hawakuwahi kukutana.

Kinachofuata kinategemea hifadhidata uliyonayo. SQL Server inaruhusu triga kuitana hadi ngazi 32, kisha inakatisha na kurudisha nyuma muamala mzima, yaani kundi la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kufutwa yote. PostgreSQL haina kikomo cha ngazi, kwa hiyo mduara usio na mwisho unaendelea mpaka nafasi ya stack (kumbukumbu inayohifadhi kazi zilizoitana ambazo bado hazijaisha) iishe, ndipo kosa litoke. MySQL ni kali zaidi: triga hairuhusiwi kubadilisha jedwali ambalo tayari linatumiwa na amri iliyoiamsha, na unapewa kosa namba 1442. Wengi hulilalamikia kosa hilo. Mimi naona linawaokoa.

Kwenye SQL Server watu hukimbilia kuzima RECURSIVE_TRIGGERS, mpangilio wa hifadhidata unaoruhusu triga kujiita. Kwanza, kwa kawaida huwa imezimwa tayari. Pili, inazuia tu triga kujiita yenyewe moja kwa moja. Mduara unaopita kwa mkulima, ukaenda kwenye mikopo na kurudi, hauguswi. Ili kuuzuia huo inabidi uzime mpangilio wa triga kuitana kwa seva nzima, na mifumo mingine yote iliyomo humo itaathirika.

Dawa ya kweli ni kulinganisha thamani. Triga ifanye kazi pale tu thamani mpya inapotofautiana na ya zamani, kwenye PostgreSQL unaandika WHEN (OLD.salio IS DISTINCT FROM NEW.salio). Usitosheke na kutaja safu kwa UPDATE OF salio, kwa sababu triga itaamka hata kama amri imeandika namba ileile iliyokuwapo. Lakini elewa pia kwamba kama kila mzunguko unabadilisha salio kweli, sharti hilo halitausimamisha. Hapo kosa liko kwenye mantiki yenyewe.

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana: kwenye PostgreSQL, kuweka sharti pg_trigger_depth() = 0, linalopima triga zimeitana ngazi ngapi, ili triga isifanye kazi ikiamshwa na triga nyingine. Mduara unakatika, ndiyo. Ila siku mwenzako atakapoongeza triga halali inayogusa salio, yako itakaa kimya bila kosa wala onyo, na makato hayatafanyika. Mkulima ndiye atakayegundua, tena dirishani akiwa na stakabadhi mkononi.

Malipo ya pili, yale ya nyongeza kwa wakulima baada ya mauzo, ndiyo huumbua mengi. Amri moja ya UPDATE inagusa wakulima wote wa chama kwa mpigo. Kwenye SQL Server triga huamka mara moja kwa amri, siyo mara moja kwa kila mstari, na mabadiliko yote yanakuwa ndani ya inserted, jedwali la muda ambalo triga hulisoma. Triga iliyoandikwa kwa kudhani kuna mkulima mmoja itachukua mmoja na kuwaacha wengine. Msimu mzima mzani ulikuwa unaingiza mzigo mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeona dalili.

Jambo jingine: mnyororo wote uko ndani ya muamala mmoja. Triga ya mwisho ikishindwa kuandika taarifa ya ujumbe mfupi, kilo alizoingiza karani nazo zinafutika, na foleni ya mzani inasimama kwa sababu isiyohusiana kabisa na mzani.

Ndiyo maana hesabu ya pesa naiweka kwenye prosija moja (mfululizo wa amri uliohifadhiwa ndani ya hifadhidata) inayoitwa waziwazi: pokea mzigo, kata deni, andika salio, kwa mpangilio unaosomeka juu kwenda chini. Triga naziachia kumbukumbu tu, yaani nani alibadilisha nini na lini, na jedwali la kumbukumbu halina triga yoyote.

Ukirithi mfumo wenye mnyororo, anza kwa kuorodhesha triga zote kutoka pg_trigger (PostgreSQL) au sys.triggers (SQL Server), kisha chora kwenye karatasi ipi inagusa jedwali lipi. Usizifute mizani ikiwa inafanya kazi. Subiri msimu ufungwe, tengeneza nakala ya hifadhidata, pitisha humo mapokezi ya msimu uliopita kwa prosija mpya, ulinganishe salio la kila mkulima na la zamani. Yasiyolingana mpelekee mhasibu wa chama pamoja na stakabadhi zake, kabla hujafuta triga hata moja.