Miwani ya jua haitoshi mbele ya leza ya kuchonga mbao

Ndugu yangu wa Kisumu, umeuliza kama miwani ya jua uliyonunua soko la Kibuye itakukinga unapochonga mbao kwa leza ya buluu ya wati 5. Tafadhali usiitegemee. Lenzi ya jicho hukusanya mwanga huo wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 kuwa nukta ndogo juu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambao huungua bila maumivu na mara nyingi hauponi, na hata mwale unaorudishwa na kipande cha chuma kinachong'aa unaweza kudhuru. Tafuta miwani iliyoandikwa nanomita hizo pamoja na OD 5 (OD ni kipimo cha uwezo wa kuzuia mwanga), yaani inayopitisha sehemu 1 tu kati ya 100,000. Rangi ya kioo pekee si ushahidi. Watoto wasiingie chumbani. Ukiona doa lisiloondoka mbele ya macho, muone daktari wa macho siku hiyo hiyo.