Maswali na majibu: Rangi za kware na namna zinavyorithiwa

Maswali ya safari hii yote ni ya kware wa kufugwa, wale wa asili ya Japani, ambao mayai yao hutotolewa kwa siku 17 hadi 18.

Ninafuga kware wa dhahabu, dume na majike. Karibu robo ya mayai hayatotoi, na baadhi ya vifaranga wanatoka kahawia. Je, dume wangu ni mbovu?

Usimchinje, hana kosa. Jeni ya dhahabu ni tawala, nakala moja inatosha kumpa ndege rangi hiyo. Lakini yai likipokea nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, kiinitete hufa mapema. Kwa hiyo kila kware wa dhahabu aliye hai amebeba nakala moja tu, na ya pili ni ya kahawia. Ukiuziwa “dhahabu safi” isiyozaa kahawia, ujue haipo.

Piga hesabu kwa mayai 100 yenye mbegu. Dhahabu kwa dhahabu: takriban 25 yanakufa, vifaranga 50 ni dhahabu, 25 kahawia. Sasa mpe dume huyo majike ya kahawia: 50 dhahabu, 50 kahawia, na hakuna anayekufa kwa jeni hiyo. Dhahabu ni walewale 50! Kupandisha dhahabu kwa dhahabu hakukuongezei hata mmoja, kunakula mayai tu.

Wengi hupotezwa na tochi. Ganda la kware lina madoa, mwanga haupenyi vizuri, na kiinitete kilichokufa mapema huonekana kama yai lisilo na mbegu. Siku ya 7 pasua machache polepole juu ya sahani nyeupe. Yai lisilo na mbegu lina nukta ndogo nyeupe tu juu ya kiini cha njano. Lililokufa mapema lina duara pana lililopauka, pengine na alama za damu. Ukikuta nukta tupu karibu kwenye yote, hapo ndipo umtazame dume, na uhesabu amepewa majike wangapi. Watatu hadi wanne wanamtosha.

Kware wawili wa kahawia wamenizalia kifaranga mweupe. Imekuwaje?

Weupe huu hujificha. Wazazi wote wawili wameubeba bila kuuonyesha, na kifaranga 1 kati ya 4 anaweza kutoka mweupe, mara nyingi akiwa na manyoya machache meusi kichwani. Kama hutaki weupe, mpime kila mzazi kwa kumpandisha na kware mweupe. Kifaranga mweupe mmoja tu akitokea, mzazi huyo amebeba. Wakitoka 8 wote wenye rangi, uwezekano kwamba amebeba unakuwa mdogo sana, maana mbebaji angekosa weupe mara nane mfululizo kwa nafasi ya 1 kati ya 256.

Naweza kujua jike na dume siku ya kutotolewa?

Kwa kahawia wa kawaida, subiri wiki 3: dume huota kifua chekundu kama kutu, jike kifua cha madoa. Weusi na weupe hawasomeki hivyo. Subiri wiki 6 au 7, kisha bonyeza taratibu juu ya tundu la haja, na dume aliyekomaa atatoa povu jeupe.

Njia ya siku ya kwanza ipo, ila inahitaji jeni iliyo kwenye kromosomu ya jinsia (uzi wa jeni unaoamua kama kifaranga ni dume au jike), kama ilivyo kwa baadhi ya kware wa rangi ya mdalasini. Kwa ndege, kromosomu hiyo huitwa Z: dume ana Z mbili, jike ana moja, naye huipata kwa baba. Dume wa mdalasini akipanda jike wa kahawia, binti wote hutoka mdalasini na wana wa kiume wote kahawia. Ukigeuza, jike mdalasini kwa dume kahawia asiyebeba, wote hutoka kahawia na hujui lolote. Angalizo: jina “mdalasini” hupewa ndege wa jeni tofauti. Totolesha kundi dogo, wavishe pete za rangi, hakiki wakikomaa, ndipo uuze majike kwa ahadi.

Weusi kwa kahawia nitapata nini?

Ukianza na weusi kamili, yaani wenye nakala mbili za jeni ya weusi, wote watakuwa wa katikati, kahawia iliyoiva sana. Hao wakipandana wenyewe: robo weusi, nusu wa katikati, robo kahawia.

Nimebadilisha dume lakini rangi za zamani zinaendelea kutoka. Kwa nini?

Jike huhifadhi mbegu mwilini. Mtenge na madume wiki 2 kabla ya kuanza kukusanya mayai ya dume mpya, la sivyo kumbukumbu zako zote zitakuwa na makosa. Andika tarehe na namba ya tundu kwa penseli kwenye kila yai. Kama majike wanachangia tundu, yatazame maganda: kila jike ana mchoro wake wa madoa, na hubaki karibu uleule yai baada ya yai. Baada ya wiki ya kuyapanga kwenye trei utayatambua ya kila mmoja. Vifaranga wa ndugu usiwarudishe kupandana ili tu kukamata rangi. Kware huathirika haraka na uzao wa ndugu, na utotoaji hushuka ndani ya vizazi vichache.