XAMPP inatosha, au niweke VM kwenye laptopu ya GB 8? Jibu langu kwa mdogo wangu wa Soweto, Moshi

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, tovuti yako ya PHP inakwenda vizuri nyumbani kwenye XAMPP, kile kifurushi cha kujaribia tovuti kwenye kompyuta yako, lakini ukiipandisha kwenye seva ya kukodi inaharibika, na huelewi kwa nini. Pili, je, laptopu yako ya Windows yenye RAM ya GB 8 inaweza kubeba mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, hiyo tunayoita VM, bila kuelemewa? Wenzangu wamekujibu "weka VM tu" wakaishia hapo. Mimi nakujibu kwa kirefu kwa sababu yaliyokukuta yalinikuta na mimi, tena mbele ya mteja.

Nilikuwa nimejenga tovuti ya kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Ofisi yao iko Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Mimi naishi Rau, hapo hapo Moshi. Kazi yote niliifanya kwenye XAMPP, na usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi nikaipandisha kwenye seva, nikafungua ukurasa wa mwanzo, nikauona uko sawa, nikalala. Asubuhi nikapanda basi, kilomita kama 80, nikafika. Mama mwenye kampuni alikuwa ameshawakusanya wafanyakazi wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema, "Haya mwanangu, tuonyeshe kazi." Tukaunganisha laptopu kwenye runinga ya ukutani.

Ukurasa wa njia ya Marangu ukafunguka vizuri. Wa Machame ukaja na visanduku vyeupe, kila kimoja na kile kialama cha picha iliyochanika. Wa Lemosho vivyo hivyo. Nikakimbilia fomu ya kuweka nafasi nikidhani itaniokoa, ikatoa mstari mmoja wa hitilafu: jedwali la `Bookings` halipo. Mama akaniangalia, akasema taratibu, "Mwanangu, si jana uliniambia imekwisha?" Na kweli nilimwambia. Kwangu ilikuwa imekwisha.

Jioni ile nilikaa nikaipekua seva faili kwa faili. Kamera ilikuwa imezipa picha majina kama `Machame01.JPG`, na mimi kwenye msimbo niliandika `machame01.jpg`. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili, kwa hiyo kwangu picha zilionekana. Linux, mfumo unaoendesha seva ile, inatofautisha, na kwake hayo ni majina mawili. Picha za Marangu nilizipunguza ukubwa mwenyewe na kuzihifadhi kwa herufi ndogo, ndiyo maana zilipona.

Majedwali yalikuwa na kisa hicho hicho. MySQL na MariaDB, programu za hifadhidata, zikiwa juu ya Windows huyahifadhi majina ya majedwali kwa herufi ndogo na kukubali uyaite vyovyote. Juu ya Linux, `Bookings` na `bookings` ni majedwali mawili. Nilipotoa hifadhidata kwangu ilitoka na `bookings`, msimbo ukaenda kuuliza `Bookings`, ukaambiwa hakuna kitu kama hicho.

Kwa hiyo sababu ya kuweka VM ni hiyo: unaileta seva mezani kwako, kosa linajitokeza ukiwa peke yako na chai yako, mteja akiwa hajaliona. Ukiielewa hivyo, hatua ya kwanza haitakuwa kupakua chochote. Itakuwa kuijua seva yako. Kama una SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa amri, ingia uandike `cat /etc/os-release`, kisha `php -v`, kisha `mysql --version`, uyanakili majibu kwenye daftari. Kama ni hositing ya kuchangia, yaani seva moja ya wateja wengi, isiyo na SSH, weka kwa dakika moja ukurasa wenye `phpinfo()`, unaoonyesha PHP ya seva na mipangilio yake, usome, halafu uufute. Kisha jenga VM inayofanana na ulichokisoma. Seva ikiwa na aina ya Linux iitwayo Ubuntu, toleo la 22.04, weka 22.04, hata kama 24.04 ni mpya zaidi. Ya kwanza inakuja na PHP 8.1, ya pili na PHP 8.3, na tofauti hiyo inatosha kukupotezea usiku mzima. Seva ikiwa na AlmaLinux, aina nyingine ya Linux, basi weka AlmaLinux.

Kuhusu RAM: GB 8 zinatosha, mradi usiweke Linux yenye dirisha na vipanya. Weka toleo la seva, lile la maandishi meupe kwenye skrini nyeusi. Lipe GB 2 na prosesa mbili, Windows ibaki na GB 6. Mimi nilifanya kazi hivyo zaidi ya mwaka mzima, na kilichokuwa kinailemea laptopu ni brauza yenye tabo 30, VM haikuwa na shida. Ukiweza kubadilisha diski ya kuzunguka ukaweka SSD, fanya hivyo kabla hujafikiria kuongeza RAM.

Programu ya kuendeshea VM ni VirtualBox; ni ya bure na inatosha. Kile kifurushi cha nyongeza chenye leseni yake ya pembeni hukihitaji. Faili la ISO, lile la kusakinishia, la Ubuntu Server lina zaidi ya GB 2 hivi, kwa hiyo lipakue kwa bando la usiku au mwombe mwenzio kwenye flashi. Ukilipata kwa flashi, lihakiki: `certutil -hashfile jina.iso SHA256`, ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ya Ubuntu. Niliwahi kupoteza Jumamosi nzima na ISO iliyoharibika wakati wa kunakiliwa. Usakinishaji ulikuwa unakwama kila mara karibu na mwisho, nami nikawa nailaumu laptopu.

Laptopu nyingi za mtumba zinakuja na uwezo wa kuendesha VM ukiwa umezimwa. VirtualBox itakuambia VT-x, jina la uwezo huo kwenye prosesa za Intel, imezimwa. Zima laptopu, uiwashe huku ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 au F2 kwa Lenovo, utafute VT-x, au SVM kama prosesa ni ya AMD, uiwashe. Na ukiona kialama cha kobe wa kijani chini ya dirisha la VM, jua Hyper-V, mfumo wa VM wa Windows yenyewe, imeshika usukani na VirtualBox inapita mlango wa nyuma. Itafanya kazi, ila kwa mwendo wa kobe kweli. Kuizima ni `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off` kwa ruhusa ya msimamizi, kisha kuwasha upya. Wakati mwingine inabidi uzime na "Memory integrity" kwenye mipangilio ya usalama ya Windows. Kama unatumia WSL 2, ile Linux inayokaa ndani ya Windows, itasimama, kwa hiyo chagua moja.

Usakinishaji wenyewe ni kubonyeza Enter, ila sehemu mbili zinataka macho. Ya kwanza, weka alama kwenye OpenSSH inapokuuliza, ili uweze kuingia kwa SSH. Ya pili ni diski. Ukiipa VM diski ya GB 30 na kukubali LVM, mpango wa kugawa diski, kama inavyopendekezwa, Ubuntu itatumia kama nusu tu, nyingine itabaki imelala. Utakuja kushangaa diski imejaa kwenye GB 15. Itanue mapema: `sudo lvextend -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`, halafu `sudo resize2fs /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`.

Sasa mtandao. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, na ndipo nakuomba utulie. VM ikiwa na kadi moja ya mtandao ya aina ya NAT inapata intaneti kupitia laptopu yako, lakini wewe ukiwa Windows huwezi kuifikia moja kwa moja. Wengi hukimbilia "Bridged", ambapo VM inaomba IP, yaani anwani ya mtandao, kwenye ruta kama simu mpya iliyoingia nyumbani. Inafanya kazi hadi siku unapotoka nyumbani. Mimi nakwenda Arusha kila wiki: asubuhi niko kwenye ruta ya nyumbani, mchana kwenye hotspoti ya simu, jioni kwenye Wi-Fi ya mteja. Kila mahali IP inabadilika na kila kitu nilichokiandika kwa IP ile kinakufa.

Dawa yake ni kadi mbili. Ya kwanza iache NAT kwa ajili ya intaneti. Ya pili iwe "Host-only Adapter", mtandao wa ndani kati ya laptopu na VM peke yao, ambao haujali uko wapi wala kama una bando. Kwa kawaida laptopu hujipa 192.168.56.1 kwenye mtandao huo. VM yangu naipa 192.168.56.10 isiyobadilika. Ukiiongeza kadi ya pili baada ya kusakinisha, Ubuntu haitaiwasha yenyewe. Fungua faili la mipangilio ya mtandao lililo ndani ya `/etc/netplan` uandike hivi, ukitumia nafasi na si kitufe cha Tab:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp0s3:
      dhcp4: true
    enp0s8:
      addresses: [192.168.56.10/24]
```

Kisha `sudo netplan apply`. Ukiwa Windows andika `ssh jina@192.168.56.10`, ikikuuliza nenosiri umeshashinda. Kisha fungua kwa ruhusa ya msimamizi `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`, uongeze mstari `192.168.56.10 mlima.test`, ili brauza ikifungua jina hilo iende kwenye VM. Tumia `.test`, kwa sababu mwisho huo umetengwa rasmi kwa majaribio. `.dev` usiiguse: ni mali ya Google, na tangu mwisho wa 2017 Chrome inalazimisha HTTPS juu yake, kwa hiyo utahangaika na onyo la usalama bila sababu.

Ndani ya VM: `sudo apt install apache2 php libapache2-mod-php php-mysql mysql-server`. Mambo mawili yatakusumbua, na yote mawili yangekusumbua kwenye seva. Kwenye XAMPP ulizoea kuingia MySQL kama root bila nenosiri. Kwenye Ubuntu, root anaingia kwa `sudo mysql` tu, na tovuti yako ikijaribu itakataliwa. Tengeneza mtumiaji wa tovuti hiyo peke yake na umpe hifadhidata yake peke yake. La pili, kurasa zote isipokuwa ya mwanzo zitatoa 404, kwa sababu Apache, programu inayotoa kurasa, ikiwa kwenye Ubuntu inapuuza `.htaccess`, faili la maelekezo ya tovuti yako. Andika `sudo a2enmod rewrite`, ubadilishe `AllowOverride None` kuwa `All` kwenye folda ya tovuti, uiwashe Apache upya.

Faili zako uziweke wapi? Utaona maelekezo mengi ya kutumia folda ya pamoja ya VirtualBox: faili ziko Windows, VM inazisoma. Naomba usifanye hivyo. Ni nzito ukiwa na folda yenye faili ndogo ndogo maelfu, viungo vya faili vinakataa, lakini kubwa zaidi ni kwamba faili zinabaki kwenye diski ya Windows. `Machame01.JPG` na `machame01.jpg` zinarudi kuwa kitu kimoja, na ile hitilafu uliyoiwekea VM inajificha tena. Weka faili ndani ya VM, uzifungue kwa VS Code, programu ya kuandikia msimbo, kupitia nyongeza yake ya Remote-SSH. Inataka angalau GB 1 ya RAM upande wa VM, na hizo GB 2 tulizozitenga zinaitosha.

Kuna watakaokuambia badala ya VM utumie WSL 2, au Docker inayoendesha programu ndani ya makasha yaliyotengwa. Ni vitu vizuri, na Docker nimeitumia. Ila kwa mtu ambaye bado hajawahi kuwasha seva yake mwenyewe, VM inakufundisha kilichopo kwenye seva ya kukodi hatua kwa hatua, kwa amri zile zile.

Kabla hujabadilisha kitu kikubwa, chukua snapshoti, yaani rekodi ya VM ilivyo wakati huo. Ukiharibu, unarudi nyuma kwa dakika moja. Lakini snapshoti si nakala ya akiba. Inahifadhi mabadiliko tu, na inategemea diski ya msingi. Rafiki yangu wa Sakina alifuta diski ya msingi kwa ajili ya nafasi, akiamini snapshoti tatu alizonazo zinatosha, na hakuna hata moja iliyofunguka. Nakala ya kweli ni hifadhidata uliyoitoa kwa `mysqldump` pamoja na faili za tovuti, kwenye diski nyingine. Na umeme ukikatika betri ikiwa chini, usisubiri: funga VM kwa "Save the machine state". Inahifadhi RAM yote na ukirudi unakuta kila kitu kilipokuwa.

Anza wikiendi hii. Netplan ikigoma, bandika hapa matokeo ya `ip a` na faili lako lote la netplan kama lilivyo, na nafasi zake, nami nitalisoma mstari kwa mstari.