Umeniuliza uhasama ulianza mwaka gani

Mwanangu mpenzi,

Waalaikumu salaam. Ujumbe wako umefika. Unasema mmebishana huko Muscat: mmoja kadai Zanzibar ilikuwa nchi ya masikilizano mpaka mapinduzi ya Januari 1964, mwengine kashikilia kuwa chuki ilikuwepo tangu enzi za utumwa. Sasa unataka mama yako akate shauri. Mimi nakutajia 1957, na najua wakubwa wenzangu wengi watanipinga.

Mwaka ule nilikuwa mtoto wa chuo cha Qur'ani, hapo Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe. Machache niliyaona, mengi nimeyapata kwa bibi yako na kwa kusoma ukubwani.

Kabla ya hapo wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria wasiokuwa maofisa wa serikali waliteuliwa tu, tena kwa makabila: hawa wa Waarabu, hawa wa Wahindi, hawa wa Waafrika. Julai 1957 ndipo viti 6 vilipopigiwa kura kwa mara ya kwanza, vinne Unguja na viwili Pemba. Viti 6 tu, na Mwingereza bado kashika mpini! Wapiga kura walikuwa wanaume watupu, wa miaka 25 kwenda juu, wenye kutimiza masharti ya mali, kipato au elimu. Bibi yako alikuwa msomaji mzuri wa Qur'ani na akiuza kofia alizozishona mwenyewe, lakini hakuhesabiwa. Wanawake walisubiri mpaka 1961.

Sharti lililouma hasa lilikuwa jengine: mpiga kura awe raia wa Sultani. Watu waliokuwa wakikaa mtaa mmoja, wakizikana na kuozana, wakaanza kuulizana nani mzalia na nani wa kuja. Hata Abeid Karume mwenyewe, baharia wa zamani aliyekuwa kiongozi wa vijana na wazee wa Ng'ambo, alisemwa kuwa si mzaliwa wa hapa. Magazeti yakakoleza. Mwongozi upande wa Hizbu, chama kilichoitwa kwa Kiingereza ZNP, Afrika Kwetu upande wa Karume na Waafrika wenzake, na yule asiyejua kusoma akisomewa barazani kwa sauti.

Usikubali mtu akwambie Hizbu kilikuwa chama cha Waarabu tu. Rais wake alikuwa Vuai Kiteweo, mtu wa Kiembe Samaki, na mizizi ya chama ilikuwa kwa wakulima wa huko huko. Wala Afro-Shirazi haikuwa kitu kimoja kama inavyosimuliwa leo. Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na ile ya Washirazi wa Unguja ziliungana kuwa Afro-Shirazi chini ya Karume, lakini Wapemba walisita. Mohammed Shamte na Ali Sharif wakasimama kivyao kule Pemba, wakashinda.

Ali Muhsin wa Hizbu, msomi wa Makerere, aliamua kugombea kiti na Karume huko huko nyumbani kwake Ng'ambo. Ilikuwa jeuri au ushujaa, chagua wewe. Karume alipata kura 3,328, Ali Muhsin 918. Hizbu haikupata hata kiti kimoja nchi nzima. Ng'ambo ngoma zilikesha, na mimi nilicheza pamoja na watoto wenzangu bila kujua tunachochezea.

Unaniuliza tena, kura ya amani ilizaaje uhasama? Nadhani kwa sababu siku ile kila upande ulijua idadi ya mwenzake. Mwaka uliofuata watu walisusiana maduka na mabasi. Vijijini walisusiana misikiti na maziko, jambo ambalo bibi yako mpaka anakufa alilitaja kwa kuomba toba kwanza. Waliotangulia kuumia ni wakulima waliokaa katika mashamba ya watu. Walikuwa na ada yao: unapanda muhogo wako baina ya mikarafuu, hulipi kodi, na badala yake unamsafishia mwenye shamba majani. Ilikuwa ada ya kinyonge, sikupambii. Nchi ya masikilizano haimwachi mtu akae miaka kumi juu ya ardhi asiyoweza kupanda hata mnazi mmoja uwe wake. Lakini watu waliishi nayo. Baada ya uchaguzi mwenye shamba akataka kujua mkulima wake yuko chama gani, na mkulima naye akaona kwa nini nimpalilie mtu anayenitukana. Wengi wakafukuzwa.

Ghasia za Juni 1961 zilizoua watu 68 zilikuja baadaye, na ya Januari 1964 unayajua.

Ami yangu alikuwa mmoja wa waliofukuzwa. Shamba lilikuwa Dole, huko mashambani Unguja; aliambiwa ang'oe muhogo wake na aondoke, akahamia Jang'ombe kwa shemeji yake. Uliwahi kuniuliza udogoni kwa nini tukienda Dole kuchuma matunda tunanunua, na huku tunajiita watu wa Dole. Sikukujibu wakati ule. Ndiyo sababu yenyewe.

Wasalimie wajukuu zangu, na mwambie mumeo kahawa aliyoituma imefika.

Mama yako