Dashibodi ikianza kulia, toa kwanza waya ya spidi kabla hujanunua chochote

Kama unaendesha gari ya zamani, hizi pikapu na matatu za dizeli za miaka ya 80 na 90 ambazo mshale wa spidi unazungushwa na waya kutoka kwenye giaboksi, ipo siku utasikia dashibodi inalia. Yangu ilianza asubuhi moja natoka Kasese, huku magharibi mwa Uganda, naenda Katwe kwenye ziwa la chumvi kubeba chumvi, sauti kama kifaranga aliyepotezana na mama yake, chwi chwi chwi, nikiongeza mwendo nayo inaongeza, na nikiwa kama 40 mshale unaruka mpaka 60 unarudi 20 unaruka tena. Tanboi akaniambia "mzee, tusimame, kuna kitu kinakufa huku mbele." Tukasimama, tukafungua boneti, kimya kabisa, maana hiyo kitu inalia gari ikitembea tu.

Hapo ndo watu wanapoteza pesa. Mmoja atakwambia ni bearingi ya gurudumu, mwingine mkanda wa feni, mwingine nunua saa nzima ya spidi, yaani kile kipimo chenye mshale. Fanya hivi kwanza: ukiwa kwenye njia nyoofu isiyo na watu, kanyaga klachi uiache gari itembee yenyewe. Injini itashuka. Kama kilio kinaendelea vilevile na kinapungua pale tu gari inapopunguza mwendo, achana na injini na mkanda. Na kama kinatokea nyuma ya dashibodi na mshale unacheza pamoja nacho, basi ni waya, karibu kila mara.

Mshale unacheza kwa sababu hii. Ndani ya saa kuna sumaku inazungushwa na ile waya, na juu yake kuna kikombe cha aluminiamu ambacho sumaku haikigusi ila inakivuta, na kispringi chembamba kama unywele kinakirudisha. Sasa waya ikikauka grisi inashikashika ndani ya ganda lake, inajisokota kama kamba, alafu inajiachia ghafla, na kila ikijiachia sumaku inaruka na mshale nao unaruka. Saa yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa.

Kuitoa si kazi kubwa, mimi nilitumia kama saa moja na nusu nyumbani. Ondoa waya moja ya betri kwanza, fungua skrubu za fremu ya saa, ivute saa kidogo kuelekea kwako alafu ingiza mkono nyuma. Utakuta nati ya kuzungusha kwa vidole au kijilimi cha plastiki cha kubonyeza. Ikiachia, shika ncha ya waya ya ndani uivute polepole. Kuna gari inagoma kutokea juu, hiyo ufungue na chini kwenye giaboksi uitolee huko, na ikiwa imekatika vuta kipande kimoja juu kingine chini.

Yangu ilipotoka nilishtuka. Nusu ya juu ilikuwa na grisi nyeusi imekauka imekuwa kama ukoko wa posho, yaani ugali, na ya chini ilikuwa na kutu nyekundu, maana gari za kubeba chumvi ya Katwe kutu ni kitu cha kila siku. Niliiosha kwa mafuta taa na kitambaa mpaka ikang'aa, kisha nikailaza juu ya meza na kuiviringisha kwa kiganja. Hii hatua usiiruke. Waya nzima inaviringika kimya, iliyopinda inadundadunda mahali palepale, na iliyopinda au iliyochanuka nyuzi haiponi kwa grisi, nunua nyingine. Angalia pia zile ncha za pembe nne, zikiwa zimeliwa zikawa duara hazishiki tena.

Sasa grisi, na hapa naomba unisikilize vizuri sana. Mara ya kwanza kabisa, miaka ya nyuma, nilimimina oili ya injini kutokea juu, kelele ikaisha siku hiyohiyo nikafurahi, baada ya wiki chache oili ikawa imeingia ndani ya saa, mshale ukawa mzito na kioo kikachafuka. Ile waya imesukwa kama skrubu, ikizunguka inaweza kupandisha mafuta juu. Kwa hiyo tumia grisi nyepesi, ya grafiti ukiipata ni nzuri zaidi, paka kidogo kwa vidole kwenye theluthi mbili za chini, kisha futa iliyozidi. Sehemu ya juu inayokaribia saa iache na unyevu kidogo tu wa kitambaa ulichofutia. Ile grisi nzito ya bearingi usitumie, hasa nyie wa Kabale na baridi yenu ya asubuhi, inafanya waya iwe nzito kuzunguka.

Kabla ya kurudisha, tafuta kwa nini ilikauka. Mimi nililala chini nikafuata ganda lote kwa mkono mpaka giaboksi, nikakuta lile eneo linalopita karibu na ekzosi limelainika, plastiki imeiva. Kuna gereji ilinibadilishia klachi miezi michache nyuma, wakafungua klipu inayoshika ganda mbali na bomba na hawakuirudisha. Kosa la klipu moja, na hakuna aliyeniambia. Nililifunga lile ganda mbali na bomba kwa kipande cha waya ya kawaida na kuhakikisha halipindi kwa ghafla popote, maana kona kali ndo inakula waya haraka. Ukirudisha, sukuma huku unaizungusha kwa vidole mpaka ncha iingie kwenye tundu lake la pembe nne, usilazimishe kwa plaizi.

Nilijaribu siku hiyohiyo, Kikorongo kuelekea Katunguru. Mshale ulikaa 60 umetulia kama umechorwa. Ile barabara inapita ndani ya mbuga na tembo wanavuka wanavyotaka, kwa hiyo watu wanaoamua kuichomoa tu waya wabaki bila kelele siwaelewi hata kidogo, unaendeshaje hapo bila kujua mwendo wako, na kilomita za kubadilisha oili unazihesabu na nini?

Ukiosha, ukapaka, na bado inalia, hapo ndo ushuku bushi za ndani ya saa, peleka kwa fundi wa saa za magari. Na ukikuta waya imelowa oili nyembamba kutoka chini wakati wewe hukuweka, ni sili (kile kizuizi cha oili) ya pinyoni, ile gia ndogo inayozungusha waya kwenye giaboksi, imekufa, badilisha sili kwanza la sivyo utakuwa unaosha kila mwezi.

Wenye boda mambo ni yaleyale, ila waya yenu mara nyingi inaanzia gurudumu la mbele na inakula matope zaidi, dakika ishirini zinatosha. Mimi yangu naitoa mara moja kwa mwaka kabla ya mvua. Mwaka huu nimeitoa mwezi wa nane, grisi bado ilikuwa laini na kutu haijarudi.