Presha imeshuka hadi 128/80: niache dawa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 52, nauza vipuri vya pikipiki hapa Morogoro. Zahanati walinipima siku tatu tofauti, presha ikawa inacheza kwenye 158/96, wakanianzishia amlodipini ya miligramu 5. Hii ni wiki ya nne na mashine ya nyumbani inasoma 128/80, ingawa jana jioni nilipotoka dukani ilisoma 149. Shemeji anasema nimepona, niache vidonge nitumie vitunguu saumu na limau. Chumvi ya mezani niliacha siku ileile. Mgongo unaniuma, nameza diklofenaki. Nifanyeje?

JIBU: Kaka yangu, usiache dawa. Hiyo 128 imeletwa na kidonge, kwa sababu amlodipini hulegeza mishipa ya damu ili moyo usisukume kwa nguvu nyingi. Tena hutoka mwilini polepole. Mtu anaacha Jumatatu, anapima Jumatano, anakuta bado iko vizuri, anaamini amepona. Baada ya wiki kadhaa presha imerudi ilipokuwa naye hasikii dalili yoyote. Nimewapokea wagonjwa wa namna hiyo mdomo umepinda upande mmoja, mke kashika mfuko wa dawa ambazo hazijaguswa. Sitaki ufike huko.

Wapo wanaopunguziwa dozi baada ya kupungua uzito na kubadili chakula, lakini hilo hufanywa na mtabibu huku presha ikifuatiliwa. Mwambie shemeji vitunguu saumu na limau tunavipokea kwa mikono miwili, jikoni. Vinakoleza mboga chumvi ikipungua. Nafasi ya kidonge havichukui.

Ile 149 ya jana nadhani ulipima ukiwa bado unahema. Kojoa kwanza, kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika 5, nyayo zikanyage sakafu, usikunje nne. Mkono uwe wazi, uulaze mezani, mkanda uwe usawa wa moyo, na usiongee. Kahawa au sigara iwe imepita nusu saa. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, uandike zote. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, mashine itakupa namba kubwa kuliko ukweli. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani ukifika 135/85 au zaidi mara kwa mara, hapo tuonane.

Sasa chumvi, maana hapa ndipo wengi wanapojidanganya bila kujua. Kuacha ya mezani ni hatua nzuri, ila kwetu chumvi nyingi imeshaingia sufuriani kabla chakula hakijapakuliwa. Ugali wenyewe hauna chumvi. Angalia kilicho pembeni yake: dagaa wa chumvi, ng'onda, mchuzi uliotiwa kiungo cha pakiti, kachumbari. Asubuhi kuna mkate au chapati, na supu ambayo muuzaji ameshaikoleza nawe unaongeza. Na kuna magadi. Mama akitia magadi kwenye maharage au makande yaive haraka, anaongeza sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, bila ulimi kuonja chumvi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha bila magadi. Ng'onda nao loweka na ubadilishe maji, kisha usitie chumvi nyingine kabisa.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kutoka vyakula vyote. Kijiko hicho kinawachanganya wengi, kwa hiyo wagonjwa wangu nawapa hesabu ya pakiti. Siku mnapofungua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Mkiwa watu wazima watano nyumbani, gramu 5 kila mmoja, itakwisha siku ya 20. Na kwa kuwa mkate na dagaa wana chumvi yao, pakiti inapaswa kuvuka hapo, ikaribie mwezi. Mama mmoja kliniki aliniapia kwamba hatumii chumvi nyingi. Aliporudi na pakiti yake, ilikuwa imemaliza siku 9 kwa watu wanne. Hakuwa mwongo, hakuwahi kuhesabu tu.

Mboga za majani, maharage, ndizi na viazi vitamu kula kwa wingi, potasiamu yake husaidia kushusha presha. Ila kama figo zimewahi kukusumbua, uliza kwanza. Kutembea kwa mwendo wa kukutoa jasho nusu saa, siku 5 kwa wiki, kunatosha. Uzito ukizidi, kila kilo inayopungua huwa na faida yake kwenye presha.

Hiyo diklofenaki ndiyo inayonitia wasiwasi. Hubana chumvi na maji mwilini, hupandisha presha na kuchosha figo. Iache, tumia parasetamo kwa kipimo chake wakati tunautafuta ugonjwa wa mgongo wenyewe. Vifundo vya miguu vikianza kuvimba, huenda ni amlodipini. Njoo useme, dawa mbadala zipo.

Siku ya kliniki njoo na daftari la vipimo na mashine yenyewe tuilinganishe na yetu. Leta pia pakiti ya kila dawa unayomeza, hata zile ulizonunua bila cheti.