Kabla hujanunua kesi ya vioo na mataa: kujenga PC ya bei ndogo kwenye joto la Dar

Kila mara kuna dogo ananitumia listi ya vifaa aliyoitoa YouTube ananiuliza "bro hii iko poa?" na mara nyingi iko poa kweli, ila aliyeipanga anakaa Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 21 na wewe uko Mbagala chini ya bati, mwezi wa pili, saa nane mchana, feni ya juu inakupulizia joto lile lile. Feni haiwezi kukishusha kitu chini ya joto la hewa ya chumbani. Kwahiyo jamaa akisema prosesa yake, ile chipu kuu ya PC, inacheza kwenye nyuzi 65 wewe na vifaa vile vile tegemea 75 na kitu, na wala hujakosea kufunga.

Mimi hilo nililijua kwa hela yangu. PC yangu ya kwanza niliweka Ryzen 5 5600, prosesa ya wati 65 tu inayokuja na feni yake kwenye boksi, af nikaenda Kariakoo nikachukua kesi ya kioo mbele kioo ubavuni, feni tatu za rangi, yani nilivyoiwasha usiku nikazima na taa ya chumba nijionee. Game dakika ishirini, feni zinalia kama mashine ya kusaga, prosesa imegonga 90 na imeanza kujipunguza spidi yenyewe, picha inakwama kwama. Nikalaumu pesti, ile krimu ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa, nikaitoa nikapaka upya, wapi, nikapaka tena mara ya pili, wapi. Siku moja nikafungua mlango wa ubavuni nitafute waya umelegea, nikasahau kuurudisha, nikacheza, nakuja kuangalia iko 76. Nikaenda kuikagua ile kesi kwa mbele sasa, kati ya kioo na feni kulikuwa na upenyo ambao hata kidole changu kidogo kilikuwa hakipiti vizuri. Feni tatu zinawaka kama harusini na zote zinanyonya kioo.

Tangu hapo mtu akinilalamikia joto namwambia kwanza afungue ubavu wa kesi, acheze game ile ile muda ule ule chumba kile kile, aandike namba. Ikishuka nyuzi nane kumi hivi basi kesi ndo inakunyima hewa, usihangaike na kingine. Ikibaki pale pale rudi kwenye prosesa: pesti imekauka, hitisinki (kile chuma chenye feni kinachopoza prosesa) imekaa upande, au ile nailoni ya chini ya hitisinki hukuibandua (inatokea sana kuliko watu wanavyokiri).

Kesi basi, nunua yenye wavu mbele hata kama ni mbaya kwa sura. Feni mbili mbele zinaingiza, moja nyuma inatoa, inatosha kabisa kwa bajeti ya kawaida. Feni nyingi zina kamshale pembeni, kama haina, hewa inatokea upande wenye vile vikono vinavyoshika mota, au weka kipande cha tishu uone kinavutwa au kinasukumwa. Hewa ya kuingia iwe nyingi kidogo kuliko ya kutoka, hapo vumbi litapita kwenye chujio unaloweza kulitoa ukaosha badala ya kunyonywa kwenye kila tundu.

Hitisinki ya kwenye boksi kwa wati 65 inafanya kazi, ina kelele tu. Ukiwa na hela kidogo ya ziada chukua ya mnara mmoja yenye feni ya milimita 120, Thermalright wanazo za bei ya kawaida, ila pima kwanza upana wa kesi maana kuna watu wamebaki na mlango haufungi. Ya maji achana nayo kwa sasa, yale maji joto lake yanakuja kulimwaga kwenye hewa hiyo hiyo ya chumba chako, na pampu ikifa ndo basi tena. Pesti weka tone kama njegere ndogo katikati, usiipake kama blubendi.

Sasa pawasaplai, boksi linalogawa umeme kwa PC nzima, hapa ndo watu wanaliwa. Usisome ile 500W iliyoandikwa kwa maandishi makubwa, geuza uangalie stika yenye jedwali, tafuta +12V ina ampia ngapi, zidisha kwa 12. Nimeshashika moja imeandikwa 500W na 12V yake ni ampia 18, piga hesabu, 216. Prosesa na grafiki kadi (ile inayotengeneza picha za game) zinakula karibu zote kwenye 12V, kwahiyo hiyo kwako ni ya wati 216 na ukiibana inaweza kuondoka na madabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote. Tafuta ya 550W ya kampuni inayojulikana yenye 80 Plus Bronze (cheti kwamba haipotezi umeme mwingi), hata ikibidi upunguze ukubwa wa SSD, yani diski. Na kwa huu umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, weka UPS (betri ya akiba) hata ndogo.

Grafiki kadi ya mtumba nayo usiangalie game tu, angalia wati, maana kila wati inayokula inaishia kuwa joto humo chumbani na wewe umekaa humo humo. RX 580 inavuta kama 185, GTX 1660 Super kama 125 na kwenye game nyingi inaizidi. Hizo wati 60 usiku wa Januari utazisikia mgongoni. Kabla hujalipa mwambie muuzaji aiwashe, iteswe dakika kumi na tano, uangalie joto na usikilize feni. Akisema hana muda na wewe huna hela.

Kama hela ya kadi haipo kabisa anza na Ryzen 5 5600G ina grafiki zake ndani, ila ramu (memori) weka mbili za GB 8 sio moja ya GB 16, hizo grafiki zinagawana ramu na prosesa na tofauti utaiona. Madabodi ya B450 ya zamani ulizia BIOS kwanza (programu ya ndani ya bodi inayoitambua prosesa), kama haijaapdetiwa itakaa giza na utadhani umeuziwa mbovu. Prosesa za Intel zenye F mwishoni hazitoi picha bila kadi. Desktop za ofisini za mtumba ni mwanzo mzuri tu, sema nyingi pawasaplai na soketi zake ni za kwao wenyewe, kuziongezea vifaa vya nguvu baadaye ni kazi.

Kusafisha kila miezi miwili mitatu, ukikaa karibu na barabara ya vumbi fanya kila mwezi. Usipeleke kwa fundi pancha akupulizie na kompresa, ile hewa inatoka na maji, nimeona matone kwenye ramu kwa macho yangu. Mimi natumia brashi ya rangi laini na blowa ndogo, na feni naishika kwa kidole isizunguke wakati napuliza, kuizungusha kwa nguvu kunaharibu beringi.